Maji ya Alhamisi Kwenye Ukuta wa Mama

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinifundisha kwamba hata mteja aliyekuja amenuna husalimiwa kwanza, na mimi nikianza bila salamu mkono utagoma. Nakuandikia hapa karakana kwetu Same, kwenye meza yako yenye alama za kuungua, kwenye kurasa za nyuma za daftari la kazi. Ni Jumatano mchana. Nimerudishia mlango nusu ili watu wadhani nimeenda kula. Ninaogopa, Baba. Nalisema mapema kwa sababu hukumpenda mtu anayezungukazunguka.

Naogopa kwa ajili ya Mama, maana pumu yake imerudi. Na naogopa jambo tutakalolifanya kesho asubuhi nyuma ya nyumba yetu ya kijijini Kisiwani. Linakugusa wewe, pale pale ulipolala, na sina njia ya kukuuliza isipokuwa hii.

Unaikumbuka siku uliyofunga AC chumbani kwenu. Daktari alikuwa amesema Mama asivute vumbi, na Kisiwani wakati wa kiangazi vumbi linaingia hata kwenye chumvi. Ukasema basi, madirisha yafungwe, mashine ifanye kazi ya madirisha. Watu walitucheka wiki nzima. Nyumba ya tofali za kuchoma, kuku wanakatiza sebuleni, halafu chumbani inanguruma AC. Wakatubatiza jina, kwa Benki. Wewe ukawajibu kwamba wakija wapange foleni. Lakini Mama alilala. Mwaka mzima sikumsikia akikohoa, na wewe ukawa unatembea kijijini kifua mbele.

Sasa chumba hicho hicho ndicho kinachomtesa. Ilianza taratibu. Mwezi wa pili baada ya maziko aliniambia shuka zake haziishi ubaridi, akijifunika anahisi kama amejifunika nguo iliyoanuliwa kabla ya kukauka. Nilimshika mkono, nikampa pole, nikamwambia nitakuja kulala naye mwisho wa wiki. Nilidhani anazungumzia upweke. Mwanamke aliyelala na mumewe miaka thelathini na tano, kitanda kitakosaje baridi? Kumbe alikuwa anazungumzia shuka. Mimi, fundi, nililetewa dalili mkononi nikaipa pole.

Mwezi uliofuata nilifungua kabati nitoe lile koti lako la kanisani. Baba mdogo Eliamini alikuwa ameliomba, abaki na kitu cha kaka yake. Mabegani lilikuwa limeota ukungu wa kijani. Nilisogeza kabati. Ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti langu, na harufu ilikuwa ya gunia lililosahauliwa kwenye mvua. Nilikaa kitandani. Nilikuwa nimelifungua kabati lile nikitegemea kunusa harufu yako, Baba, na haikuwepo.

Hapo ndipo ilinipasa kukusikiliza. Kila tulipopanda pikipiki kwenda kwa mteja ulikuwa unaniambia, "Usiishike mashine kabla hujaiuliza nyumba." Nilikuwa naitikia ndiyo Baba, huku moyoni nacheka kwamba mzee sasa anaongea na kuta. Nikifika kwa mteja nilikuwa nafanya ulivyosema kwa sababu ulikuwa umesimama nyuma yangu. Safari hii hukuwepo nyuma yangu, na nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hukimbilia bisibisi.

Nilifungua mashine. Chujio lilikuwa limejaa vumbi, nikalisafisha. Bomba la kutolea maji nje lilikuwa limezibwa na nyigu, wamejenga humo kwa udongo kama vile wamepewa kiwanja, na maji yalikuwa yanarudi na kutiririka ukutani. Nilizibua. Nilipoona maji yanatoka vizuri kwenye ndoo kule nje nilicheka peke yangu. Nilimwambia Mama kazi imekwisha. Alinipikia makande, nikala sahani mbili kwa majivuno.

Wiki mbili hazikufika, ukuta ukalowa tena. Nilichukua kile kipimo chako kidogo cha unyevu, kile ulichokuwa unakifunga kwenye soksi kisigongwe, nikakitundika juu ya kitanda. Nje, kiangazi hiki, mshale ulikuwa unalala kwenye arobaini. Chumbani ulipanda hadi sabini na nane. Nje midomo inapasuka kwa ukavu, ndani kalenda ya ukutani imejikunja kwa maji. Hebu niambie ungefikiria nini. Mimi nilifikiria mashine imechoka.

Ndiyo nikafanya kosa ambalo ungenifokea mbele za watu. Nilichukua AC kubwa, ile iliyotolewa kwenye ukumbi wa ofisi moja hapa mjini, nikaifunga chumbani kwa Mama. Chumba kile, Baba, hatua nne kwa tano. Ndani ya dakika kumi kilikuwa baridi kama sokoni Mamba kule mlimani alfajiri, mashine ikazima. Ikatulia. Ikawaka tena, ikazima. Mama akawa anavaa sweta kitandani, na sweta lenyewe linalowa. Ndoo ya nje ambayo zamani ilijaa kwa siku, sasa haikufika nusu. Nilijua maana yake. Wewe ndiye uliyenieleza, siku ile kwenye nyumba ya wageni ya barabara kuu, mwenyewe akijisifu kwamba amenunua kubwa kuliko zote. Mashine kubwa inapoza hewa upesi, inazima kabla haijaikamua maji. Nilikuwa nayajua haya yote, nikayasahau kwa sababu anayekohoa alikuwa mama yangu.

Jirani mmoja alikuja kumjulia hali, akapapasa ukuta, akasema kwa sauti ya chini kwamba marehemu analia, hajaridhika na jambo. Nilimcheka. Alipoondoka niliweka kiganja ukutani mahali pale pale alipoweka chake, na kikatoka kimelowa, na kicheko kikaniishia. Ningependa kukuambia kwamba fundi wako hakuamini hata kidogo. Niliamini kwa dakika kadhaa. Nilikuuliza, Baba, hujaridhika na nini?

Halafu ikaja Alhamisi ile. Nilikuwa Kisiwani, ni baada ya chakula cha mchana. Mama alienda kupumzika. Nikasikia mlio, ule wa filimbi kifuani, lakini safari hii ulikuwa unakatika katikati. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda ameshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi. Dawa ya kuvuta alikuwa ameshaitumia ikashindwa. Alinitazama tu. Macho yale sikuwa nimeyaona tangu siku uliyoondoka wewe, na nilisema kwa sauti, Mungu wangu, siyo wote wawili.

Tulipata gari la mwenye duka. Njia nzima hadi Same nilikuwa nahesabu pumzi zake, nikipoteza hesabu naanza upya. Hospitali walimwekea barakoa ya dawa ya mvuke, na baada ya muda mrefu mabega yakatulia. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, alinivuta pembeni akaniuliza, "Chumba anacholala kikoje, dada?" Mtoto wa fundi wa hewa, mwenyewe fundi wa hewa, nimevaa fulana yenye jina la karakana kifuani, na sikuweza kumwambia kwa nini chumba cha mama yangu kina maji.

Nilimlaza Mama kwangu Same siku nne. Hakukohoa. Siku ya tano akaanza kudai kurudi nyumbani. Nikaomba anipe hadi wiki iishe, akakubali kwa kununa.

Nilirudi Kisiwani peke yangu, nikazima mashine, nikaiuliza nyumba. Nilifanya kama ulivyonionyesha. Nilikata nailoni vipande vikubwa kama kitabu, nikavibandika kwa utepe wa gundi pande zote, pasipite hewa. Kimoja chini kwenye ukuta wa nyuma, kimoja juu yake usawa wa kichwa, kimoja kwenye ukuta wa mbele, kimoja sakafuni. Matone yakija juu ya nailoni, maji ni ya hewani, pigana na mashine. Yakija chini yake, maji yanatoka ukutani, iache mashine ya watu. Nilibandika Jumatano. Alhamisi jioni nilipoingia, kile cha chini ukutani nyuma kilikuwa kimejaa matone kwa ndani, na cha sakafuni vivyo hivyo upande wa ukuta ule. Cha juu kilikuwa kikavu. Cha ukuta wa mbele kikavu. Mashine haikuwa na kosa lolote, wala ndogo wala kubwa.

Nilifungua daftari nilimokuwa naandika vipimo vya kila siku, Mama akinisomea mshale kwa simu. Kila wiki mshale ulianza kupanda Alhamisi mchana, ukakaa juu Ijumaa na Jumamosi, ukashuka kidogokidogo. Alhamisi ni zamu yetu ya maji. Ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya zamu, ikifunguliwa kule juu alfajiri, maji yanatufikia saa nne asubuhi, yanapita nyuma ya nyumba kwenda shambani hadi jioni. Nilitoka nje. Mfereji ulikuwa umejaa, maji ya mlimani yanakwenda taratibu, yanalamba msingi wa chumba cha Mama.

Na mfereji haukuwa ukipita hapo ulipokuwa hai.

Hapa nivumilie, Baba. Siku ya maziko kaburi lilichimbwa pale ulipotaka, nyuma ya nyumba, chini ya mwamba. Wazee walipokuja kulitazama wakaona mfereji unapita hatua moja kutoka kichwani. Baba mdogo akasema kaka yake hawezi kulala huku maji ya watu yanampita kichwani. Hakuna aliyepinga. Vijana wakachukua majembe wauhamishe mchana ule ule, kabla mwili haujatoka kanisani. Wakaniuliza mimi, mtoto wa marehemu, waupitishe wapi. Juu ni mwamba, chini ni nyumba, na katikati ulikuwa unakuja wewe. Nikasema waupitishe huku chini, karibu na ukuta, wasikubane. Nilinyoosha kidole, Baba. Niliwapelekea na maji ya kunywa.

Kwa hiyo ni mimi. Nilikaa kwenye kingo za kaburi lako nikalia hadi nguo za kifuani zikalowa. Miezi saba nimelaumu nyigu, nimelaumu chujio, nimelaumu mashine uliyoifunga kwa mikono yako, nimefika hadi kukulaumu wewe ukiwa kaburini, na kidole kilikuwa changu.

Nilimwita mgawa maji aje apime. Alitembea na kamba, akarudi, akatingisha kichwa. Tukiusogeza mfereji hatua moja kutoka ukutani, ukuta utaendelea kunywa. Tukiusogeza hatua mbili, utakata miguuni kwako. Kuusakafia kwa saruji alisema inawezekana, ila udongo ule unavimba na kupasuka kila masika, hatakubali kuniahidi. Kuacha zamu yetu ndio kabisa. Shamba linakauka, na zamu ikishapewa mwingine hairudi. Inabaki njia ya zamani, pale kichwani kwako.

Jumapili baada ya ibada niliwaweka pamoja Mama na baba mdogo. Nilieleza yote, nailoni, daftari, kidole changu. Baba mdogo alisikiliza ameinamisha kichwa. Kaburi lako bado ni udongo, Baba, hatujalijengea. Alijua hilo. Alijua udongo ukipata maji kila wiki unadidimia. Akasema watu watatusimulia, kwamba tulimtoa mkubwa wetu nje ya nyumba kisha tukammwagia na maji. Halafu akaniuliza, na sauti haikuwa ya ukali, "Utamlowesha kaka yangu?"

Niliogopa kusema ndiyo na niliogopa kusema hapana. Nilimtazama Mama. Alikuwa amerudi jana yake, analala sebuleni kwa sababu nimemlazimisha, na alikuwa anapepea kanga usoni kama vile mazungumzo hayamhusu. Aliacha kupepea.

"Eliamini," alisema, "ile nyumba yetu ya kwanza kule Mbaga ilikuwa inavuja upande mmoja wa kitanda. Kaka yako alilala upande huo miaka sita, mimi nikalala pakavu. Hakuniambia siku hata moja kwamba amelowa. Mpelekeeni maji."

Mimi hilo sikulijua, Baba. Mimi nimezaliwa Kisiwani, chini ya bati. Miaka yote tumepanda pikipiki pamoja, umenieleza habari za kila jokofu la wilaya hii, na hilo hukulitaja. Baba mdogo alinyanyuka, akaenda uani. Aliporudi aliniuliza maji yanafika saa ngapi siku hizi. Nikamwambia saa nne. Akasema atakuja saa moja na jembe lake, nisitafute watu wengine, mfereji uliofukuliwa kwa neno lake ataufukia yeye.

Basi ndiyo kesho. Mashine kubwa nimeshaitoa, yako imerudi ukutani, chujio safi, nyigu nimewawekea wavu. Kitanda cha Mama nitakisogeza mbali na ukuta ule hadi ukauke, na madirisha nitafungua asubuhi kabla ya vumbi. Sijui utakauka lini. Sijui kama mvua za vuli zitatukuta bado umelowa. Nikimsikia anakohoa kidogo tu, hata kwa pilipili, moyo unaruka. Nadhani nitaishi hivi sasa, na masikio yangu mlangoni kwake.

Nakuahidi haya. Nitakuwekea mawe ya mtoni kichwani, marefu, yazikwe nusu yakukinge na maji, nimeshayachagua. Kila Alhamisi maji yakifika nitakuwa nimesimama hapo na jembe, hadi zamu ikatike. Udongo ukishuka nitajaza. Nikikosea nitauhamisha mfereji mwenyewe, sitamnyooshea mwingine kidole. Na Mama sitamwacha alale penye maji, iwe kwa ufundi wako au kwa mgongo wangu.

Nisamehe kwa kukuamulia. Lala salama, Baba. Kesho saa nne ukihisi baridi kichwani, usishtuke, ni Mama amelala pakavu.

Mwanao,
Nakunda